Kocha Aliyeiacha Timu Yake Uwanjani: John Thompson na Kanuni ya 42

Mgomo wa John Thompson ulidumu mechi mbili tu. Kwa kocha aliyeifundisha timu ya mpira wa kikapu ya Chuo Kikuu cha Georgetown, mjini Washington, kuanzia 1972 hadi 1999, akashinda mechi 596 na kupoteza 239, mechi mbili si kitu. Hata hivyo, anayetaka kujua Thompson alikuwa kocha wa namna gani atajifunza mengi zaidi kwa kuichunguza Januari ya 1989 kuliko kwa kuirudia fainali ya 1984 iliyompa ubingwa. Mwezi huo yalikutana mambo yote aliyoyajenga kwa miaka mingi: msimamo wake juu ya elimu, ubishi wake, jina lake kubwa, na pia maslahi yake.

Chanzo cha mzozo kilikuwa kanuni mbili za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vikuu nchini Marekani. Ya kwanza, Kanuni ya 48, ilipitishwa 1983 na kuanza kutumika 1986. Ilimtaka mwanamichezo anayeingia chuo awe na wastani usiopungua 2.0, kati ya 4.0, katika masomo 11 ya msingi ya sekondari, na awe amepata angalau alama 700 katika SAT, mtihani wa kuombea nafasi ya chuo kikuu, ambao wakati huo alama yake ya chini kabisa ilikuwa 400 na ya juu 1600, au alama 15 katika mtihani mwingine wa aina hiyo, ACT. Aliyetimiza masharti nusu nusu hakuruhusiwa kucheza mwaka wake wa kwanza, lakini chuo kiliweza kumlipia masomo kwa ufadhili wa michezo huku akijiweka sawa darasani. Nafasi hiyo ndiyo iliyofungwa na Kanuni ya 42. Kuanzia 1990, kijana wa namna hiyo asingecheza wala asingepewa ufadhili. Mtoto wa tajiri angeweza kulipiwa karo na wazazi wake mwaka huo mmoja kisha akaendelea na mpira. Mtoto wa maskini angebaki mtaani kwao.

Namna kanuni hiyo ilivyopita ilizidi kuwaudhi waliopinga. Katika mkutano mkuu wa NCAA uliofanyika San Francisco mwanzoni mwa Januari 1989, pendekezo lililoletwa na vyuo vya ukanda wa kusini-mashariki lilipigiwa kura likakataliwa. Siku iliyofuata likarudishwa mezani, na safari hii likapita kwa tofauti ya kura chache. Kila aliyekuwamo ukumbini alijua kwamba wengi wa watakaoguswa ni vijana weusi, kwa kuwa takwimu za Kanuni ya 48 zilikuwa zimekwisha kuonyesha hivyo kwa miaka miwili na zaidi.

Thompson alitangaza mapema kwamba hatakaa kwenye benchi la timu yake katika mechi rasmi mpaka aridhike kwamba kuna jambo limefanyika. Jumamosi ya tarehe 14 Januari, Georgetown ilikuwa inacheza na Boston College katika uwanja wa Capital Centre, Landover, nje kidogo ya Washington. Aliingia na timu kama kawaida. Thompson alikuwa mtu wa urefu wa mita 2.08, mpana wa mabega, mwenye taulo jeupe begani katika kila mechi, desturi aliyoieleza kuwa ni ya kumkumbuka mama yake, ambaye alikuwa akijitupia taulo hivyo hivyo akiwa jikoni. Mtu wa umbo hilo hawezi kuondoka mahali bila kuonekana. Muda mfupi kabla ya mpira wa kwanza kurushwa juu, aliinuka, akatembea kuelekea mlango wa kutokea, na watu wakasimama wakimpigia makofi mpaka akapotea. Wasaidizi wake waliiongoza timu, na Georgetown ikashinda kwa 86 kwa 60. Mechi iliyofuata, ugenini dhidi ya Providence, chuo alichosoma mwenyewe, hakuwapo kabisa.

Ili kupima uzito wa hatua hiyo inabidi kurudi nyuma. Thompson alizaliwa Washington tarehe 2 Septemba 1941, wakati mji mkuu wa Marekani bado ulikuwa na shule za weupe na shule za weusi. Baba yake alikuwa kibarua asiyejua kusoma wala kuandika. Mama yake alikuwa na elimu ya ualimu, lakini maisha yalimfikisha katika kazi za nyumbani za watu wengine. Mtoto wao huyu alipata shida ya kusoma katika miaka yake ya mwanzo shuleni, kiasi kwamba walimu walimhesabu kuwa mzito wa akili, na aliokolewa na mwalimu mmoja wa darasa la sita aliyekataa kuamini hivyo. Nadhani hapa ndipo penye mzizi wa kisa chote. Mtu aliyewahi kupewa hukumu ya mapema juu ya akili yake, kisha akahitimu Providence mwaka 1964, akaongeza shahada ya uzamili katika ushauri nasaha, hawezi kuusikia mtihani wa saa tatu ukitajwa kama kipimo cha mwisho cha kijana akanyamaza.

Mpira wenyewe aliucheza vizuri bila kuwa nyota. Alikaa misimu miwili na Boston Celtics, timu ya wachezaji wa kulipwa, akiwa msaidizi wa Bill Russell katika nafasi ya senta, na akaondoka 1966 na pete mbili za ubingwa. Badala ya kuendelea kucheza alirudi nyumbani kufundisha sekondari ya St. Anthony, ambako alishinda mechi 122 na kupoteza 28. Kwa hiyo Georgetown walipomwita 1972, walikuwa wanamchukua mwalimu wa sekondari mwenye umri wa miaka 30 ambaye hakuwahi kuwa kocha mkuu wa chuo chochote. Timu yao msimu uliotangulia ilikuwa imeshinda mechi 3 na kupoteza 23, hivyo hapakuwa na cha kuharibu. Lakini palikuwa na hesabu nyingine: Georgetown ni chuo cha Wajesuiti, shirika la mapadri Wakatoliki, cha gharama kubwa, chenye wanafunzi weusi wachache mno, kikiwa ndani ya mji ambao wakazi wake wengi walikuwa weusi na ambao miaka minne tu kabla ya hapo ulikuwa umewaka moto baada ya kuuawa kwa Martin Luther King. Kumwajiri Thompson kulikuwa ni hatua ya mpira, na ilikuwa pia hatua ya ujirani.

Masharti aliyokwenda nayo yalihusu zaidi darasa. Mtu wa kwanza aliyemtaka awe naye alikuwa Mary Fenlon, mwanamke mweupe aliyewahi kuwa mtawa na aliyekuwa mwalimu St. Anthony. Fenlon hakuwa na lolote la kusema juu ya ulinzi au pasi. Kazi yake ilikuwa kufuatilia mahudhurio, insha na mitihani ya wachezaji, na katika mechi alikaa kwenye benchi pamoja na makocha, jambo lililowashangaza watu wa timu nyingine. Mchezaji aliyekuwa akizembea vipindi alijua kwamba atakosa mazoezi kabla ya kujua kama atakosa mechi. Ofisini kwake Thompson aliweka mpira wa kikapu usio na upepo ndani. Alikuwa akiwaonyesha vijana na kuwauliza watafanya nini siku upepo utakapowaishia maishani.

Mwanzo haukuwa mwepesi. Mwaka 1975, timu ikiwa imepoteza mechi kadhaa mfululizo, watu walipitisha shuka dirishani katika ukumbi wa McDonough, uwanja wa nyumbani wa Georgetown, likiwa limeandikwa tusi la rangi na madai kwamba kocha aondoke. Wachezaji wake waliliona. Mwezi mmoja baadaye timu hiyohiyo iliingia mashindano ya NCAA kwa mara ya kwanza tangu 1943. Lakini tusi halifutwi na ushindi, na wengi waliomfahamu waliona kwamba tabia yake ya kuwafungia waandishi wa habari milango, kuficha hoteli timu inapolala na kuwakinga wachezaji wasihojiwe ilitokana na siku kama hizo. Waandishi waliuita ugonjwa wa wasiwasi. Mimi naona palikuwa na ugonjwa kidogo na sababu nyingi.

Takwimu inayotajwa mara nyingi zaidi katika habari zake ni asilimia 97: kati ya wachezaji 77 waliokaa naye miaka minne, 75 walihitimu. Ni rekodi ya kushangaza kwa kocha wa timu kubwa ya wakati ule. Inafaa hata hivyo kuisoma kwa uangalifu, kwa sababu hesabu hiyo inawahusu waliobaki mpaka mwisho. Waliohama, waliofukuzwa, na wale kama Allen Iverson, aliyeondoka 1996 baada ya misimu miwili kwenda kucheza kwa malipo, hawamo. Hata ukiwaongeza wote hao, huenda Thompson akabaki mbele ya wenzake wengi, lakini mchambuzi hapaswi kuitumia asilimia hiyo kana kwamba kila aliyepita mlangoni kwake alitoka na shahada.

Mafanikio ya uwanjani yanajulikana, na sitayarefusha. Patrick Ewing, kijana aliyezaliwa Jamaica, alifika 1981, na katika miaka minne Georgetown ikacheza fainali tatu. Ya 1982 walipoteza kwa North Carolina 63 kwa 62, pale Fred Brown alipompa mpinzani pasi katika sekunde za mwisho kwa kudhani ni mwenzake, na kocha akamkumbatia mbele ya kamera badala ya kumkaripia. Ya 1984 waliwafunga Houston ya Hakeem Olajuwon 84 kwa 75. Ya 1985 wakapoteza kwa Villanova 66 kwa 64. Baada ya ushindi wa 1984 Thompson akawa kocha mkuu mweusi wa kwanza kutwaa ubingwa wa juu wa vyuo vikuu, lakini hakuipenda sifa hiyo. Aliona kwamba kumwita wa kwanza kunafanya watu wadhani waliomtangulia hawakuwa na uwezo, ilhali walichonyimwa ni nafasi. Hoja hiyo ndiyo aliyoirudia dhidi ya Kanuni ya 42 miaka mitano baadaye, akibadilisha tu watu anaowasemea: kabla hujampima mtu, tazama kama mlango ulikuwa wazi.

Jambo ambalo masimulizi mengi huliruka ni kwamba Thompson alipogoma hakuwa katika kilele cha sifa zake. Miezi minne kabla, Septemba 1988, alikuwa kocha wa timu ya taifa ya Marekani katika Olimpiki ya Seoul, na timu hiyo ikafungwa na Wasovieti 82 kwa 76 katika nusu fainali, ikarudi na shaba. Alilaumiwa vikali kwa uteuzi wa wachezaji na kwa mchezo wake wa kukaba bila wafungaji wa mbali. Kocha mwingine angetafuta msimu wa utulivu. Msimu huohuo, pia, alipata habari kwamba wachezaji wake wawili wanaonekana na Rayful Edmond, mfanyabiashara mkubwa wa dawa za kulevya wa Washington. Alimwita Edmond ofisini kwake akamwambia awaache vijana wake. Edmond alikamatwa na polisi Aprili 1989. Katika timu hiyo alikuwamo pia Dikembe Mutombo wa Kinshasa, aliyefika Georgetown 1987 kwa ufadhili wa serikali ya Marekani akikusudia kusomea udaktari, ambaye mwaka wake wa kwanza hakuichezea timu na Kiingereza chake kilikuwa bado kichanga. Alihitimu 1991 katika isimu na diplomasia, na baadaye akajenga hospitali mjini kwao.

Sasa turudi kwenye mgomo, na tuulize kwa nini ulifanya kazi. Kupinga peke yake hakukutosha. John Chaney, kocha wa Temple mjini Philadelphia, aliishutumu kanuni hiyo kwa maneno makali zaidi kuliko Thompson na akaiita ya kibaguzi bila kuzunguka. Chaney alisikika, lakini chama hakikutetereka. Alichokuwa nacho Thompson ni kwamba mechi zake zilikuwa bidhaa. Umoja wa vyuo ambao Georgetown ilikuwamo, Big East, ulianzishwa 1979, mwaka uleule ESPN, kituo cha televisheni cha michezo, ilipoanza kurusha matangazo, na vitu hivyo viwili vililishana kwa miaka kumi. Novemba 1989 kampuni ya televisheni ya CBS ilikubali kulipa dola bilioni 1 kwa miaka 7 ili kuonyesha mashindano ya NCAA. Katika biashara ya namna hiyo, kocha maarufu kutoonekana kwenye benchi kunaonekana kuliko hotuba yoyote. Zaidi ya hayo, hakuna aliyeweza kumwambia Thompson kwamba hajali masomo. Rekodi ya kuhitimisha wachezaji na kile kiti cha Fenlon kwenye benchi vilikuwa vimekwisha kuijibu hoja hiyo kabla haijatolewa.

Upande wa pili nao ulikuwa na watu wa kuheshimiwa, na ni kosa kuwaweka wote katika kapu la wabaguzi. Arthur Ashe, mwanatenisi mweusi aliyetwaa US Open 1968 na Wimbledon 1975, aliiunga mkono Kanuni ya 42 hadharani. Kwa maoni yake, vijana weusi wenye vipaji walikuwa wanadekezwa, na wakiambiwa wazi kwamba bila alama hakuna ufadhili, watasoma. Hoja yake haikuwa ya kupuuzwa. Mei ya mwaka huohuo Dexter Manley, mchezaji maarufu wa timu ya kandanda ya Kimarekani ya Washington, alikiri mbele ya kamati ya Seneti huku akilia kwamba alikuwa amepita shule na miaka kadhaa ya chuo kikuu bila kujua kusoma. Vyuo vilivyomtumia na kumwacha hivyo vilihitaji kubanwa. Tofauti ni kwamba Kanuni ya 42 haikuvibana vyuo. Ilimwadhibu kijana wa miaka 18 kwa udhaifu wa shule alizosoma, na chuo kingeenda kumtafuta mwingine. Hapo ndipo namwona Ashe aliuliza swali sahihi akakubali jibu la kanuni isiyomgusa mwenye kosa.

Lazima pia isemwe kwamba Thompson hakuwa msemaji asiye na maslahi. Timu yake ilitegemea kuchukua vijana ambao vyuo vingine viliwaogopa, na kila mlango uliofungwa na NCAA ulipunguza idadi ya wachezaji anaoweza kuwasajili. Kampuni ya Nike ilimlipa kama ilivyowalipa makocha wengine wakubwa, na 1991 akaingia katika bodi yake. Alikuwa mtu wa mfumo huo, na ulimtajirisha. Nikilipima hilo, sioni kwamba linaiondolea hoja yake nguvu, ila linaeleza kwa nini baadhi ya watu walimsikiliza kwa jicho la pembeni. Maslahi yake na ya vijana wale yalikwenda njia moja Januari ile, na hakuna anayelazimika kujifanya kwamba hayakuwapo.

Baada ya siku chache Thompson alikutana na viongozi wa NCAA, na ilipoonekana kwamba kanuni hiyo itarudishwa kujadiliwa, alirejea kwenye benchi. Mkutano mkuu wa Januari 1990 haukuifuta. Uliilegeza: kijana aliyetimiza masharti nusu angeweza kupata msaada wa fedha wa chuo kwa msingi wa uhitaji wa familia yake, kama mwanafunzi mwingine yeyote maskini, ingawa si ufadhili wa michezo. Kwa aliyetaka Kanuni ya 42 ife, hayo yalikuwa matokeo ya nusu. Kwa mzazi asiyeweza kulipa karo, yalikuwa karibu yote aliyoyahitaji.

Mtihani wenyewe ulibaki. Mwaka 1996 ilianza kutumika Kanuni ya 16, iliyoweka ngazi ambayo alama za darasani na za mtihani zilipimwa pamoja, ikiwa bado na kiwango cha chini cha SAT. Mwaka 1999 jaji mmoja wa shirikisho huko Philadelphia aliamua kwamba kiwango hicho kiliwaonea wanafunzi weusi, lakini mahakama ya rufaa ikautengua uamuzi huo mwishoni mwa mwaka kwa hoja kuhusu mipaka ya sheria ya fedha za serikali, bila kusema kwamba mtihani ulikuwa wa haki. Thompson alikuwa amekwisha kujiuzulu Januari ya mwaka huo katikati ya msimu, akieleza matatizo ya kifamilia, na mwaka huohuo akaingizwa katika ukumbi wa heshima wa mpira wa kikapu. Mwanaye, John Thompson III, aliifundisha Georgetown kuanzia 2004 hadi 2017, kisha akafuata Ewing. Mzee mwenyewe alifariki tarehe 30 Agosti 2020, siku chache kabla ya kutimiza miaka 79.

Januari 2023 NCAA iliondoa kabisa sharti la SAT na ACT kwa wanamichezo wapya. Masharti ya masomo hayakuondolewa: katika daraja la juu, kijana anayetaka kucheza mwaka wake wa kwanza anatakiwa awe amemaliza masomo 16 ya msingi ya sekondari kwa wastani wa 2.3, yaani masomo matano zaidi na wastani mkubwa kuliko ule wa 1986.